Mita ya mizunguko kwenye dizeli: waya wa altaneta au sensa ya flaiwili?

Dizeli haina plagi za cheche, kwa hiyo ile mita ya injini ya petroli haitasoma kitu. Zinabaki njia mbili za kawaida.

Waya kutoka W ya altaneta (terminali inayotoa mapigo ya umeme kufuata mzunguko wake) ni rahisi. Fundi umeme wa magari pale Gerezani, Dar es Salaam, haumsumbui. Ila mkanda ukiteleza mita inadanganya, na ukibadilisha puli unaiseti upya.

Sensa ya sumaku huhesabu meno ya flaiwili yenyewe, lile gurudumu zito la injini. Kwa jenereta ya mizunguko 1500 kwa dakika ningechukua hii, ingawa kutoboa kava lake ni shughuli!

Mita ya saa, ile inayohesabu saa ambazo injini imefanya kazi, iunge kwenye swichi ya presha ya oili inayopitisha umeme presha ikipanda. Ukiunga kwenye ufunguo pekee, opereta akiusahau, saa zinahesabika injini imelala.