Kibebeo cha baiskeli kwa magari ya Lubumbashi: kipi kwanza, kipi mwisho

Kabla ya kuulizia bei, zunguka nyuma ya gari uangalie mambo mawili: lina chuma cha kuvutia trela, na tairi la akiba limekaa wapi? Majibu hayo yanaondoa nusu ya vibebeo vilivyoko sokoni. Kisha pima baiskeli yenyewe. Ya milimani ya aluminiamu huwa na kilo 13 hadi 15. Ile ya chuma, ya kubebea makala (mkaa), inafika 20 na zaidi, na vibebeo vingi vya mikanda vimeandikwa kilo 15 kwa kila baiskeli.

Kwenye lami ya kwenda Likasi, karibu kibebeo chochote kilichofungwa vizuri kitafika. Barabara ya udongo mwekundu ndiyo inayochuja. Huko, kinachoshika magurudumu kinakishinda kinachoning'iniza fremu. Baiskeli iliyoning'inizwa hubembea kwa kila tuta, na vumbi likishaingia kati ya raba na rangi, linasugua kama msasa mpaka chuma kionekane.

Cha kwanza: jukwaa linalofungwa kwenye chuma cha trela, kile chenye kichwa cha mviringo cha milimita 50. Baiskeli zinasimama kwa magurudumu yake, na unazipakia bila kuzinyanyua juu ya kiuno. Soma kibati cha chuma hicho kwanza: kina kikomo cha uzito wa kushuka, yaani unaokikandamiza chini, mara nyingi kilo 75. Jukwaa la kilo 18, baiskeli ya kilo 14 na nyingine ya 22 zinafanya 54. Hapo una nafasi, na kwenye barabara mbovu nafasi hiyo unaihitaji. Ongeza mbili za makala, umepita. Kichwa kifutwe grisi kabla ya kufunga, la sivyo jukwaa litainamia upande mmoja. Angalia pia ekzosi inapopulizia: moshi wake unayeyusha tairi la baiskeli lililokaa karibu. Chagua jukwaa lenye taa zake na mahali pa pleti, kwa sababu baiskeli zinaficha za gari, na polisi wa barabarani hawatakusubiri ueleze.

Cha pili, na kwa magari mengi ya hapa ndicho cha kwanza kwa kweli, kwa kuwa chuma cha trela hayana: galeri juu ya paa. Yenye reli za magurudumu na mkono unaobana fremu ni nzuri. Ile inayotaka utoe gurudumu la mbele iache, isipokuwa ekseli ya baiskeli yako inalingana nayo. Baiskeli ambazo magurudumu yake yamefungwa kwa nati hazikai humo. Kikomo cha paa kwa magari madogo ni kati ya kilo 50 na 75, na galeri yenyewe inahesabiwa ndani yake. Hapo ndipo galeri ya kuchomelewa inapowaponza watu: fundi anatumia bomba nene ili ionekane imara, inafika kilo 30, na paa la kilo 50 limebaki na nafasi ya baiskeli moja tu. Mwambie atumie bomba la mraba la milimita 25, unene 1.5, apake rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na afunge kwa nati zenye nailoni ndani. Nati za kawaida zinalegea zenyewe kwa mtikisiko. Baiskeli inaongeza zaidi ya mita moja kwa kimo cha gari, kwa hiyo pima geti la nyumbani, na usisahau mwembe uliolalia barabara.

Cha tatu ni kibebeo cha tairi la akiba, kwa RAV4 za zamani na Prado zenye tairi mlangoni. Si kibaya, ila bawaba za mlango huo zinabeba tairi na baiskeli pamoja. Shika mlango ukiwa wazi, unyanyue taratibu: ukicheza, bawaba zimeshachoka, na kibebeo hiki si chako. Usipocheza, pakia baiskeli mbili za aluminiamu, basi.

Cha mwisho ni cha mikanda, kinachoegemea mlango wa buti. Ni cha bei rahisi na kinakunjika, lakini kulabu zake zinataka ukingo wa chuma. Gari lako likiwa na kioo mpaka juu au kibawa cha plastiki, usikinunue kabisa, plastiki inapasuka. Ukikitumia, futa vumbi kila panapogusa raba, vuta mikanda yote sita, simama baada ya kilomita 10 uivute tena. Mikanda mipya hulegea mara ya kwanza, na mvua inailegeza tena. Fremu ya kike, isiyo na bomba la juu, inahitaji fimbo ya ziada kati ya shingo na siti.

Kwa aina yoyote, baiskeli mbili zipangwe kichwa kwa mkia, na magurudumu yafungwe yasizungushwe na upepo. Pedali ikigusa spoki za jirani, itoe kwa spana ya 15. Ya kulia inafunguka kawaida, ya kushoto kinyume. Ukiilazimisha upande usio wake, unazidi kuikaza mpaka nyuzi zife.