Uzoefu wangu: mita moja ya ngozi ya mpungate, na jemu niliyokutana nayo Nanyuki

Mimi ni fundi wa mikoba, kibanda changu kiko Kariokor, Nairobi. Nikiletewa ngozi nisiyoijua, jambo la kwanza ni kukata kipande cha pembeni na kukichoma kwa kibiriti. Ngozi ya mnyama hunuka nywele zilizoungua, hujikunja, mwisho ikawa jivu. Plastiki hudondoka. Hii ya mpungate, yaani kaktasi ile ya majani mapana yenye miiba, ilidondosha tone jeusi likagandia kwenye kisu changu, na harufu yake ilikuwa ile ile ya reksini ya viti vya matatu. Kijana ninayemfundisha kazi alicheka. "Fundi, mti gani huo unaoyeyuka?"

Sikuwa na jibu wakati huo. Sasa nimekaa nayo miezi minane, nimeshona mikoba miwili, pochi tano na mkanda mmoja, kwa hiyo naweza kuizungumzia.

Mteja wangu, dada mmoja asiyekula nyama wala kuvaa kitu cha mnyama, ndiye aliyeiomba. Nilimwambia nina turubai nzuri, akakataa: alitaka mkoba unaofanana na wa ngozi. Basi nikaagiza mita moja kutoka ng'ambo kupitia muuzaji wa mtandaoni. Pamoja na usafiri na ushuru ilinitoka shilingi 8,200. Ngozi ya ng'ombe ya ukubwa huo naipata hapa hapa kwa chini ya nusu ya hela hizo, na naishika kwa mkono kabla ya kulipa. Karatasi iliyokuja nayo ilikuwa na picha ya jani la kijani na maneno "ngozi ya kaktasi". Kiwanda gani kimeitengeneza, hapakuandikwa.

Ilipofika niliipenda, lazima niseme ukweli. Rangi ya kahawia iliyotulia, uso una vinyweleo vidogo kama vya ngozi ya mbuzi, laini, haina ile harufu kali ya dawa inayotoka kwenye reksini mpya. Unene ni sawa mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo ng'ombe hakupi kamwe, maana ng'ombe ana tumbo, ana mgongo, ana makovu ya kupe. Nilikata vipande vyote vya mkoba bila kutupa karibu chochote. Kwa upande wa kukata naipa alama zote.

Shida inaanza kwenye ukingo. Ukiikata na kuitazama kwa karibu unaona tabaka mbili: juu utando wa kahawia, chini kitambaa cheupe. Ngozi halisi ni kitu kimoja tangu juu hadi chini, ndiyo maana ukingo wake unasuguliwa kwa nta mpaka ung'ae. Hapa ukisugua, nyuzi za kitambaa zinachomoza kama ndevu. Ilibidi nikunje kila ukingo ndani na kuushona, kazi ya saa nne ikawa ya siku nzima. Sindano nayo ikitoboa, tundu halijifungi. Ukikosea mshono, umekosea. Ukifumua, unabaki na mstari wa matundu hadi mwisho wa maisha ya mkoba. Pochi ya kwanza niliitupa kwa sababu hiyo.

Mkanda ndio ulionivunja moyo. Nilimshonea yule dada mkanda wa bega wenye bizimu, na baada ya kuutumia miezi mitano akaurudisha: pale unapojikunja kwenye bizimu utando umepasuka na kitambaa cheupe kinachungulia. Mkoba wenyewe ulikuwa mzima kabisa. Pochi niliyojishonea mimi, ambayo nimeikalia mfuko wa nyuma miezi saba, nayo ni nzima, imenyeshewa mara mbili na maji yakateleza tu. Kwa hiyo inategemea unaipa kazi gani. Kubeba uzito huku ikikunjwa pale pale kila siku haiwezi.

Ilinibidi nisome ili nijue nimenunua nini. Walioifanya ngozi ya mpungate ijulikane duniani ni Wameksiko wawili, Adrián López Velarde na Marte Cázarez, ambao Oktoba 2019 walipeleka bidhaa yao iitwayo Desserto kwenye maonyesho ya ngozi ya Milan, Italia. Mipungate yao iko Zacatecas, nchi kavu, na inaishi kwa mvua tu. Hukatwa majani yaliyokomaa peke yake (sisi tunayaita majani, ingawa kwa kweli ni shina lililobapa), mmea unabaki umesimama, na baada ya miezi sita hadi minane unavunwa tena. Majani husafishwa, husagwa, huanikwa juani siku tatu. Kisha ule mpungate uliokauka huchanganywa na plastiki iitwayo poliurethani na kuwekwa juu ya kitambaa. Hapo ndipo nilipolielewa lile tone kwenye kisu. Wataalamu wa FILK, taasisi ya utafiti wa ngozi na plastiki ya Freiberg, Ujerumani, walizipima ngozi mbadala kadhaa mwaka 2021, ya mpungate ikiwemo, na hakuna iliyofikia sifa zote za ngozi ya mnyama. Sishangai.

Mpungate umo ndani, sikatai, na ng'ombe hakuchinjwa. Lakini muuzaji wangu aliniandikia kwamba itaoza ardhini kama jani. Kipande nilichokifukia kwenye ndoo ya udongo nyuma ya kibanda nimekifukua juzi, baada ya nusu mwaka. Nimekipangusa, ningeweza kukishonea pochi.

Kilichonichoma zaidi ni kwamba mpungate tunao. Na hatuutaki! Mwezi wa sita nilikwenda Nanyuki kununua ngozi za mbuzi, nikapelekwa na mwenyeji wangu upande wa Laikipia Kaskazini. Jamani. Kilomita baada ya kilomita ni mipungate mitupu, nyasi hakuna. Ulitoka Amerika, ukapandwa uwe ua, ndovu na nyani wakala matunda na kusambaza mbegu, leo wafugaji hawana malisho. Mbuzi akila tunda lake, vile vimiiba visivyoonekana vinamwingia mdomoni, kwenye utumbo, hata machoni. Sasa wameletewa kijidudu kinachofyonza aina moja ya mpungate huo mpaka ukauke. Unakiona kama pamba nyeupe juu ya jani, na ukikiponda kidole kinakuwa chekundu kama damu. Ndugu yake wa Mexico ndiye hutoa rangi nyekundu inayotiwa kwenye vyakula na vipodozi.

Akina mama wa huko wameamua kuula mpungate kabla haujawala wao. Nilimkuta mmoja ameketi kando ya barabara na chupa za jemu na maji ya matunda.

"Shikamoo mama. Hii inaliwa kweli?"

"Marahaba. Onja kwanza, ndiyo uniulize."

Nilionja kwa kijiko chake. Rangi ni zambarau ya kuiva, kali kuliko ya zambarau lenyewe. Ladha iko kati ya fenesi changa na bitiruti, ina uchachu kidogo mwishoni. Amechuja mbegu zote, na hiyo ndiyo kazi, kwa sababu mbegu za mpungate ni ngumu kama changarawe na ukizimeza nyingi tumbo linafunga. Matunda huchumwa kwa koleo, hubingirishwa kwenye majani makavu na kupitishwa juu ya moto ili vimiiba viungue. Nilinunua chupa mbili za jemu kwa shilingi 350 kila moja na lita ya maji yake. Naipa jemu alama zote isipokuwa kifuniko, kilivuja ndani ya matatu na kutia doa shati langu ambalo halijatoka mpaka leo. Ukinywa maji yake mengi, usishtuke ukienda haja ndogo kesho yake. Ni rangi tu, kama bitiruti.

Majani pia huliwa. Mexico ni mboga ya kila siku, huyaita nopales, hata kwenye bendera yao tai amesimama juu ya mpungate. Nikajifanya hodari. Nilibeba majani machanga matatu ndani ya gazeti, nikayaparua kwa kisu changu cha ngozi, nikajikuta na vimiiba themanini vya nywele kwenye vidole. Koleo haivishiki. Kilichoniokoa ni gundi nyeupe ya mbao: nilijipaka, nikaiacha ikauke, nikaibandua kama ngozi ya nyoka, vingi vikatoka nayo. Mke wangu alisema angekuwa ameniacha.

Baadaye nilikatakata vipande vyembamba, nikachemsha na chumvi, nikamwaga maji, nikakaanga na kitunguu, nyanya na mayai mawili. Unateleza kama mlenda. Asiyependa bamia asijaribu. Mimi nimekulia kwenye bamia, nilimaliza sahani. Uchachu wake ni wa ndimu changa, na nilisoma kwamba ukichumwa alfajiri unakuwa mchachu zaidi, maana mmea huu hufungua vitundu vyake vya hewa usiku na kujaza asidi hadi asubuhi. Wangu ulichumwa saa nane mchana. Ila usile wa porini ovyo. Aina zinazolimwa Mexico kwa mboga nyingi hazina miiba mikubwa, za Laikipia zinakupiga vita mpaka sufuriani.

Nimebakiwa na karibu nusu mita ya ile ngozi. Nitaimalizia kwenye pochi na vifuko vya simu, na mteja akiuliza nitamwambia ni plastiki iliyochanganywa na mpungate, halafu achague mwenyewe. Yule dada nilimwambia hivyo hivyo alipoleta mkanda. Alinyamaza kidogo, akausugua ule ufa kwa kidole gumba, akauliza kama naweza kumwekea mkanda wa katani. Nilimwekea bila malipo. Akaondoka na mkoba wake, na chupa ya pili ya jemu, ambayo kusema kweli sikukusudia kuiuza.