Platini au moduli ya elektroniki kwenye Beetle ya zamani?

Kwa anayefufua Volkswagen Beetle nyumbani, swali hili halikwepeki: ubakize platini (vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili plagi zitoe cheche) ndani ya distributa (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi), au ufunge moduli ya elektroniki inayofanya kazi hiyo hiyo?

Kwa bei, platini na kondensa yake (kifaa kidogo kinachopunguza cheche kwenye platini) vinashinda waziwazi.

Kwenye matunzo mambo hugeuka. Platini huungua pale zinapogusana, na kisigino chake huliwa na kamu, yaani mhimili wenye pembe unaozunguka na kuzifungua. Nafasi kati ya platini ikipungua, taimingi (wakati wa cheche kutoka) huchelewa, na injini inayopozwa kwa hewa haipendi taimingi mbovu: joto hupanda, na dashibodi ya Beetle haina geji ya kukuonya. Kwa hiyo pima nafasi hiyo iwe milimita 0.4 kila unaporekebisha valvu, paka grisi kidogo kwenye kamu, kisha panga taimingi upya. Moduli haina sehemu za kugusana. Ukishaifunga na kupanga taimingi, huisahau kwa muda mrefu.

Ila ikifa, imekufa. Ukiacha swichi ya ufunguo imewashwa huku injini haizunguki, au ukigeuza nyaya, unaweza kuiunguza, na barabarani hakuna fundi wa kuifufua. Platini husafishwa kwa msasa na bisibisi, ukafika nyumbani.

Gari lako likiwa la umeme wa volti 6, hakikisha kwanza moduli imetengenezwa kwa volti hizo. Anayeendesha kila siku mjini, mimi humshauri moduli, na platini zilizokwisha kupimwa zikae kwenye buti. Anayesafiri mbali na maduka ya vipuri, au anayetaka gari libaki kama lilivyotoka kiwandani, abaki na platini.