Kingamwili au seli T: nani hutuliza kinga ya panya?

Wanafunzi wa baiolojia hapa Kampala hupenda kuuliza: kinga ya panya ikishapanda, nani huishusha? Wengi hutaja kingamwili, yaani protini za damu zinazonasa vitu vigeni mwilini, na ni kweli. Mdunge panya chembe nyekundu za damu ya kondoo pamoja na IgG, aina ya kingamwili, inayozilenga, naye atatengeneza kingamwili chache mno dhidi ya chembe hizo. IgM, aina nyingine ya kingamwili, hufanya kinyume, huongeza mwitikio. Sindano ya anti-D, yaani IgG dhidi ya chembe za damu ya Rh chanya, wanayopewa akina mama wenye damu ya Rh hasi ili miili yao isitengeneze kingamwili dhidi ya damu ya mtoto, inashabihiana na jambo hili. Ila breki hiyo hulenga antijeni husika tu, yaani kile kitu kigeni kilichoamsha kinga.

Kwangu mimi, seli T dhibiti, yaani chembe nyeupe za damu zinazozuia kinga isipite kiasi, zina uzito zaidi. Mwaka 1995 mwanasayansi wa Japani Shimon Sakaguchi alionyesha kuwa panya wakikosa seli T zenye CD25, protini inayozitambulisha seli hizo dhibiti, mwili hushambulia viungo vyake wenyewe. Mtazame panya dume wa scurfy, aina ya panya wa maabara mwenye jeni mbovu ya Foxp3, ambayo seli T dhibiti huitegemea: ngozi hutoka magamba, wengu na tezi za limfu huvimba, naye hufa akiwa na wiki 3 au 4 hivi. Panya asiyeweza kutengeneza kingamwili huendelea kuishi, mradi kizimba chake kiwe safi.