Hoho zako na kipupwe cha Njombe: ununue kifuniko gani?

Mei ikikaribia kwisha, Njombe mjini watu wanagombania majaketi ya mtumba. Mwenye tuta la hoho nyuma ya nyumba ana manunuzi mengine ya kufikiria. Hoho ni mmea wa joto: usiku ukiwa na baridi kali unadumaa na kudondosha maua, na sakitu, ile barafu nyembamba inayotanda juu ya majani, ya usiku mmoja inatosha kuyababua majani kama yamemwagiwa maji ya moto. Usiku wa kuogopa ni ule wa nyota tele usio na upepo. Mawingu yakitanda, lala zako.

Cha kwanza kwangu ni kitambaa cheupe cha kufunikia mimea, jamii moja na kile cha mifuko mbadala tuliyoizoea baada ya ile ya plastiki kupigwa marufuku Juni 2019, ila hiki ni chepesi zaidi. Kinapitisha hewa na mwanga, kwa hiyo ukichelewa kukifunua asubuhi mmea hauchemki. Uliza uzito wake kabla ya kutoa hela. Cha gramu 17 kwa mita ya mraba kinafaa kuzuia wadudu kuliko baridi. Tafuta cha gramu 30 hadi 50. Muuzaji mmoja aliniapia kwamba chake ni kizito, kufika nyumbani nikakiinua nikaona vidole vyangu upande wa pili. Na upime vizuri: tuta la upana wa mita 1, lenye miche ya sentimita 60, linataka upana wa mita 2.6, ili kila upande ubaki na sentimita 20 za kukandamiza kwa mawe.

Cha pili ni mashuka na mablanketi ya mtumba. Kama una miche kumi tu, kwako hiki ndicho cha kwanza. Ubaya wake ni umande: blanketi likilowa linakuwa zito, na matawi ya hoho hayachelewi kukatika. Simamisha fito kwanza. Magunia ya katani nayo ni hivyo hivyo.

Nailoni naiweka ya tatu, japo inauzwa sana. Jani likiigusa usiku linaungua kwa baridi, na jua likishapanda, chini yake ni tanuri. Lazima uijengee matao, ingawa kupata mianzi huku hakutusumbui (wagema wa ulanzi, pombe ya mianzi, watanisamehe).

Neti ya kivuli iache. Utaambiwa inafanya kazi zote. Kazi yake ni jua.

Mwenye pilipili mbuzi tatu nne asinunue kitambaa chochote. Atafute ndoo tupu za rangi za lita 20, azioshe, azitoboe chini, apandie humo. Jioni anaziingiza jikoni, asubuhi anazitoa.

Chochote utakachonunua, kingo zake ziguse ardhi, maana joto linalookoa mmea linatoka kwenye udongo. Ukikifunga kwenye shina kama mwavuli umelifungia nje. Mwagilia tuta mchana, kwa sababu udongo wenye unyevu unatunza joto kuliko mkavu, na ufunike kabla jua halijazama. Asubuhi ukikuta sakitu juu ya kitambaa, usikivute. Subiri iyeyuke, ndipo ufunue.