Kutuma mashairi kwa basi la Arua

Rafiki yangu, ninayemwita Afande, anaishi Arua. Ni mwanajeshi mstaafu, Kiswahili alikiokota kambini, na ametunga tarbia (mashairi ya mistari minne kila ubeti) nyingi kuliko mimi ninayelipwa kufundisha somo hilo hapa Kampala. Simu yake ni katochi, ile ndogo ya vitufe. Ubeti mmoja tu unakaribia kujaza ujumbe wa herufi 160, kwa hiyo shairi la beti kumi lingemfikia vipande kumi, cha saba kikitangulia cha tatu. Sanduku la posta hana. Tukabaki na basi.

Huduma yenyewe ni ya vifurushi, ya kampuni moja ya mabasi ya usiku yenye ofisi Arua Park, hapa hapa Kampala. Jina naliacha, maana barua zangu bado ziko mikononi mwa makarani wake.

Utaratibu ni mwepesi. Unaandika jina na namba ya simu ya mpokeaji juu ya bahasha, unalipa shilingi 5,000, unapewa risiti. Basi linaondoka jioni, linapita Karuma na Pakwach, na asubuhi Afande anapigiwa simu akachukue. Hata mwaka 2024, daraja la Karuma lilipofungwa kwa matengenezo na magari yakazungukia Masindi na Paraa, barua zilifika, ila kwa kuchelewa. Halafu pale wanakuhudumia kwa Kiswahili! Katika mji ambao ukiomba chumvi kwa Kiswahili unatazamwa kama mwanajeshi aliyeshika bunduki, hilo peke yake nalilipia.

Shida ni samaki. Mara moja bahasha yangu ililazwa chini, na pale Pakwach ikawekewa gunia la samaki wakavu juu yake. Jibu la Afande lilianza hivi:

Waraka nimeupata, samaki wananukia,
Beti mbili nimekuta, mafuta yameingia.

Nilihesabu silabi kwa vidole: nane kwa nane, vina vimekaa. Sikuweza hata kukasirika.

Kuhesabu kwake hakukuwa hivyo zamani. Tuligombana barua tatu nzima juu ya neno "mtoto". Yeye alilihesabia mizani mbili, yaani silabi mbili. Nikamwandikia kwamba ni tatu, kwa kuwa ile m ya mwanzo inatamkwa peke yake. Akajibu: "Mwalimu, kambini sijawahi kuona m ikitembea bila mwenzake." Nikamtumia mistari sita ya mfano. Barua iliyofuata ilikuja na mshororo umerekebishwa, bila neno hata moja la kukiri. Kwa simu tungemaliza ugomvi ule kwa dakika mbili na mmoja wetu angenuna. Kwa basi, kila mtu alikuwa na siku kadhaa za kusoma mstari wake kwa sauti jikoni.

Sasa lile la kuuma. Karani huuliza, "Thamani ya mzigo?" Mara ya kwanza nilimwambia ni mashairi. Akanitazama, akaandika "karatasi", na kwenye safu ya thamani akapiga kistari. Huko Arua nako Afande alipigiwa kistari hicho hicho, na Machi iliyopita bahasha yake ikapotea. Ndani mlikuwa na shairi la beti 14 juu ya mama yake, nakala ya pekee. Ofisi ilimrudishia nauli ya bahasha, shilingi 5,000, kwa mujibu wa maandishi madogo nyuma ya risiti. Nilipompigia kumuuliza anakumbuka kiasi gani, alinisomea beti tisa, akanyamaza.

Barua za Shaaban Robert kwa nduguye Yusuf Ulenge, za 1931 hadi 1958, tunazisoma leo kwa sababu aliyezipokea alizihifadhi. Afande naye huziweka zangu kwenye sanduku lake la bati la jeshini, zikiwemo zenye harufu. Lakini sanduku halisaidii kitu kwa barua isiyofika. Siku hizi anaandika juu ya karatasi ya kaboni, nami napiga picha kila ukurasa kabla ya kufunga bahasha.

Je, nitaendelea na basi hilo? Ndiyo, Alhamisi hii nina moja ya kupeleka. Ila karani akiuliza thamani, nasema laki mbili bila kupepesa. Naongeza 3,000 juu ya ile 5,000, na bahasha inasafiri mbele, karibu na dereva, mbali na samaki.