Walikumbuka Nilichonunua, Wakasahau Kwamba Nilikataa

Nitatanguliza lililo jema, nisije nikaambiwa nimewaonea. Duka hili la mtandaoni, ambalo huuza vifaa vya kuwahudumia wagonjwa nyumbani, liliniletea mzigo wangu Buruburu kabla ya adhuhuri, na kijana wa boda aliyeuleta alikuwa na adabu ya kupigiwa mfano: aliufunga ndani ya mfuko mweusi, akaniuliza kwa sauti ya chini aukabidhi kwa nani. Lau mambo yangeishia pale langoni, ningewapa nyota zote tano.

Mzigo wenyewe ulikuwa nepi za watu wazima, za mama yangu. Mama alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, na jambo hili tulilijua watu watatu tu: yeye, mimi na binti anayemsaidia. Jumapili moja, wiki chache baadaye, wadogo zake wawili walikuja kumjulia hali, nami nikampa simu yangu awaonyeshe video ya harusi ya mjukuu wake. Video ikakatika katikati, likajitokeza tangazo la duka lile: pakiti ile ile, saizi ile ile, na maandishi makubwa yaliyouliza kama akiba imekwisha. Mama mdogo aliyasoma kwa sauti kabla hajang'amua alichokuwa akikisoma. Mama hakusema neno. Aliilaza simu kifudifudi mezani, akavuta leso yake akayafunika magoti, na chai ikanywewa kimya.

Usiku huo nilitafuta namna ya kujiondoa. Kiungo kilikuwa chini kabisa ya tovuti, kwa herufi za kijivu. Nilipokibonyeza nikaandikiwa kwamba chaguo langu limehifadhiwa, na kwa muda matangazo yalikoma kweli. Kisha mpwa wangu akaisafisha simu iliyokuwa imejaa, akafuta vidakuzi vyote, yaani zile kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha katika kivinjari. Nilipoingia tena kuagiza, tangazo likarudi, na safari hii likaandamana na ujumbe mfupi ulionitaja kwa jina.

Nilipanda matatu hadi ofisini kwao Westlands. Kijana wa huduma kwa wateja alinieleza, bila kuyainua macho kutoka kwenye kompyuta, kwamba kukataa kwangu kulihifadhiwa katika kidakuzi, na kwa kuwa vidakuzi vilifutwa, mfumo haunitambui tena kama mtu aliyekataa. Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambayo haijanishuka hadi leo. Jina langu, nambari yangu ya simu, kipimo cha kiuno cha mama yangu, vyote wanavyo katika hifadhi yao ya kudumu, ila neno langu la "sitaki" ndilo walilolitia mahali ambapo mtoto anaweza kulifuta kwa kidole. Nilipomwambia hivyo alicheka, akasema, "Madam, si ni tangazo tu? Hata mimi huonyeshwa viatu." Viatu! Nilimuuliza kama kiatu kimewahi kumvua mama yake nguo mbele ya wadogo zake. Hakujibu, alimwita mteja aliyenifuata.

Ibara ya 31 ya Katiba yetu ya Kenya inalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa data nyeti. Kanuni za mwaka 2021 nazo zinataka njia ya kujiondoa iwe wazi na isiyomchosha mtu. Niliyaandika hayo yote katika barua, na hapa sina budi kusema ukweli: meneja wao alinijibu baada ya siku chache, kwa lugha ya heshima, akaomba radhi na kunihakikishia kwamba data yangu imefutwa. Moyo ulilainika, nikawa nimeanza kuandika maoni haya kwa nyota tatu.

Juzi ujumbe ukaingia: mpendwa mteja, nepi za watu wazima zimepunguzwa bei. Katika zile nyota tatu, mbili nimeziondoa. Nawaachia moja, na hiyo ni ya kijana wa boda.

Malalamiko nimeyawasilisha katika Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, ambayo kisheria ina siku 90 za kuyachunguza na kuyakamilisha. Katika simu nimefuta kitambulisho cha matangazo, yaani ile alama ambayo watangazaji huitumia kuitambua simu ya mtu, na yeyote anayemnunulia mgonjwa chochote mtandaoni namsihi asikitegemee kitufe cha kujiondoa, bali adai kwa maandishi data yake ifutwe, na aitunze nakala ya barua. Nepi sasa nazifuata dukani mwenyewe, nalipa kwa fedha taslimu. Na nikimpa Mama simu atazame picha za kitukuu chake, haipokei. Huniambia nizitazame mimi, kisha nimsimulie.